Kinywa cha Manyunyu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza. Naandika nyuma ya daftari la vipimo, maana kurasa za mbele zimejaa viuno na makalio ya watu, na nisipoyatoa haya mahali nitampasukia mtu. Mtu mwenyewe ni wifi yangu, mke wa kaka. Lakini nianze na kazi. Shule imeleta oda ya sketi za marinda mia moja na hamsini, na zinatakiwa kabla ya muhula kufunguliwa, tarehe sita Mei. Marinda yote yatazame kushoto. Mwalimu aliyeleta kitambaa kanirudia mara tatu: kushoto, fundi, kushoto. Utadhani nimezaliwa jana.

Nashona peke yangu, cherehani moja, chumba cha mbele cha nyumba yetu. Pembeni yangu anakaa Mama kwenye kiti chake, mguu mbovu juu ya stuli. Ndiye aliyenifundisha kazi, na tangu mguu umkatae amebakiwa na shughuli moja tu, kunikosoa. "Pindo limepinda. Uzi umelegea. Hiyo pasi umeipitisha au umekionyesha kitambaa tu?" Na Mama akikosoa, jiandae, mate yanaruka. Tangu tukiwa wadogo mtaa mzima unamwita Manyunyu, kwa sababu hakuna aliyewahi kugombezwa naye akabaki mkavu. Kaka alikuwa akiitwa kugombezwa anakwenda na taulo begani.

Leo ana mafua. Nimemnunulia vidonge duka la dawa la kona, vile vidogo vya njano. Kalala kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na moja.

Nimemaliza sketi nne. Kwa kawaida ni mbili, kwa shida.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Sketi nne. Mafua ya Mama yamekwisha.

Ijumaa, 8 Machi

Sketi moja na nusu. Mama kaamka na maneno yake yote, na ya siku nne alizolala kayaweka akiba. Kanifumulisha mkanda mara mbili. Mara ya pili nilimwambia mkanda uko sawa, akasema, "Uko sawa kwa nani? Kwa kipofu?" Nikajifuta shavu nikaendelea.

Jumamosi, 9 Machi

Nimempa kidonge kimoja kwenye uji. Kimoja tu. Nadhani mafua hayajamtoka vizuri.

Sketi nne.

Alhamisi, 14 Machi

Sasa huyu wifi. Anafagia maofisi asubuhi, saa tano keshamaliza, anarudi nyumbani na mdomo wake unaotafuna. Mdomo ule hauna likizo. Tangu aolewe sijamkuta hajaweka kitu shavuni, kama si chingamu ni peremende, na akifika tu anamgawia Mama. Kaka ni dereva wa malori, anaonekana nyumbani mara moja kwa mwezi, kwa hiyo mimi na wifi tunatazamana siku ishirini na tisa zilizobaki.

Leo nimemkuta anamwekea Mama peremende mdomoni kama mtoto mchanga.

"Wifi, unataka kumwozesha meno?"

"Mama anasema mdomo umemkauka, wifi. Anasema ulimi unagonga kama kiatu."

"Ana miaka sabini na nne. Unataka uwe mbichi?"

Na maji nayo anampa kila saa. Hajui kwamba kila kikombe ni safari ya chooni, na mimi ndiye ninayemshika Mama kwapani, sketi inaning'inia kwenye cherehani nusu imeshonwa. Kliniki wanampa dawa ya kibofu, inasaidia kidogo. Nimemwambia wifi apunguze maji. Kanitazama, akatafuna, akaondoka.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Sketi tatu. Kidonge.

Jumanne, 19 Machi

Mafundi tuna tabia mbaya, tunashikilia pini kwa midomo. Mama alinifundisha hivyo, naye alifundishwa hivyo. Leo mlango umebamizwa na upepo, nimeshtuka, pini imenitoboa ndani ya mdomo wa chini, damu. Jana kutwa nilikuwa nalalamikia kidole nilichojichoma wiki iliyopita, bado kinauma. Lakini nimepata kujua kitu katika miaka thelathini ya kuchomwa: ya kidole inakaa wiki, ya mdomo unalala nayo, asubuhi huikumbuki.

Ila mdomo wa Mama umepasuka pembeni tangu Jumatano iliyopita na haujafunga.

Jumatano, 20 Machi

Kweli, la pini limepona. La Mama bado.

Jumapili, 24 Machi

Mama hawezi kula mkate mkavu. Unamgandia kwenye ufizi, anautoa kwa kidole kwa aibu, yeye aliyekuwa anatafuna mifupa. Nimemfunua mdomo dirishani. Ulimi mwekundu, unang'aa, umechanika kama udongo wa kiangazi, na ndani ya mashavu kuna utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Na harufu.

Nimenunua dawa ya kusukutua ya dukani, ile kali yenye spiriti. Nimemsugua kwa pamba mara tano leo. Machozi yalimtoka. Utando ukitoka, chini panavuja damu, baada ya muda utando unarudi. Nikasugua tena. Mimi ni fundi, penye doa nasugua.

Wifi alisimama mlangoni akasema, "Wifi, anaumia." Nikamwambia aliyeleta peremende ndiye aliyeleta doa. Akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Alhamisi, 28 Machi

Nimempeleka Mama kwa daktari wa meno. Wifi amelazimisha kuja, na kusema kweli bila yeye nisingeweza kumvusha Mama kwenye madimbwi. Tumembeba katikati, mwavuli mmoja, sote tumelowa.

Daktari ni msichana mdogo, nilidhani ndiye anayeandikisha. Alimwashia Mama taa mdomoni, akatia kijiko kidogo chenye kioo ndani ya shavu. Kijiko kikaganda. Akakibandua polepole, ngozi ikafuatana nacho.

"Bibi, mate yameenda wapi?"

"Muulize binti yangu," alisema Mama. "Miaka yote nayamalizia usoni kwake."

Tulicheka wote. Mimi nilicheka kidogo kuliko wengine.

Nikaeleza habari ya utando, na jinsi ninavyosugua mara tano kwa siku. Nilitegemea nisifiwe. Yule daktari akavua glavu, akavuta kigoda akaketi mbele yangu.

"Dada, wewe ni fundi wa nguo, sivyo? Nimeona vidole. Ukijichoma kidole, kinapona lini?"

"Wiki."

"Na mdomo?"

"Kesho yake."

"Unajua kwa nini? Kinywa ni mlango ulio wazi kutwa. Chakula, mikono, hewa, vyote vinapita na wadudu wao. Kisingekuwa na ulinzi tungekufa tukiwa wachanga. Mlinzi wa kwanza ni mate. Yanawaosha wadudu, unawameza, wanakwenda kufia tumboni. Tena si maji matupu. Yana vitu vinavyotoboa maganda ya wadudu, na yana kingamwili, hizo zinawang'ang'ania wadudu wasipate pa kushika. Ngozi ya ndani ya shavu nayo inajibandua juu juu kila mara, mdudu akishika ananing'inia na kipande chake, anakwenda nacho. Kwenye fizi zinapita chembe nyeupe za damu zikipiga doria. Halafu wapo wadudu wema, wenyeji. Wamekaa humo miaka yote. Mgeni mbaya akiingia anakuta viti vimejaa."

"Kama hapo nje kwako," alisema Mama. Kweli tulikuwa tumesubiri muda wa saa mbili, mimi na wifi tumesimama tumemshika Mama.

"Kama hapo nje kwangu, bibi. Sasa dada, hiyo dawa ya spiriti inafukuza wenyeji na kukausha yale mate kidogo yaliyobaki. Huo utando ni fangasi. Siku zote alikuwepo, amejikunja kwenye kona kwa sababu walinzi walikuwepo. Wewe umemwachia nyumba tupu, na kila siku unampanulia kidonda."

Nilihisi masikio yanawaka. Nikamwelekezea wifi kidole, nikasema huyu je, na peremende zake? Daktari akasema peremende za sukari hapana, mate yasipokuwepo sukari inakaa palepale na kuozesha. "Lakini aliyewaza hivyo hakukosea sana. Kunyonya na kutafuna kunayaita mate. Mpeni chingamu isiyo na sukari. Na maji, kidogo kidogo, kutwa nzima."

Wifi akageukia dirisha. Alitafuna tu, ila polepole.

Kisha daktari akachukua kalamu. "Anatumia dawa gani?"

"Ya kibofu," nilisema.

"Hiyo inakausha, ndiyo. Lakini siyo kiasi hiki. Hakuna nyingine? Ya mafua, ya mzio, ya usingizi? Vile vidonge vidogo vya dukani watu hawavihesabu kama dawa, na ndivyo vinavyokausha kuliko vyote."

Kalamu ilikuwa inasubiri. Mama ananitazama, wifi ananitazama.

"Hakuna," nilisema.

Ijumaa, 29 Machi

Sijampa. Pakiti, iliyokuwa juu juu kwenye kopo la vifungo, nimeifukia chini kabisa. Naapa sitampa tena.

Dawa ya fangasi tunampaka kwa mswaki laini. Wifi anampa maji kwa kijiko na kuimba ovyo.

Jumatatu, 1 Aprili

Siku ya nne bila kidonge. Mdomo umeanza kulainika pembeni. Mama kala wali. Maneno nayo yameanza kurudi.

Jumanne, 2 Aprili

Yamerudi. Ee Mungu, yamerudi yote.

Kuanzia saa mbili asubuhi: "Kaa wima, unashona kwa mgongo au kwa mikono? Rinda la tatu limezidi la nne. Mimi katika umri wako nilikuwa na mafundi sita chini yangu." Nikafumua. "Si hilo, la pili yake." Nikafumua. Saa nane mchana nilikuwa na sketi moja mkononi na zaidi ya themanini mbele yangu. Shule ilipiga simu kuulizia. Mama akadakia kutoka kitini, kwa sauti, ili mwalimu asikie, "Mwambie hujafika hata nusu! Mwambie binti yangu anashona kama anachimba kaburi!"

Nikaenda jikoni. Nikarudi na uji.

Hata sikujidanganya safari hii. Mafua hakuna. Nilitaka anyamaze. Nimeandika.

Na kwa kuwa mwizi hupiga kelele za mwizi, jioni nikampigia kaka simu nikamwambia mke wake anamlisha Mama sukari hadi mdomo umeoza, daktari kasema. Daktari hakusema hivyo.

Ijumaa, 5 Aprili

Kaka kafoka kwenye simu hadi sauti ilisikika chumba cha mbele. Wifi amekatazwa kumgusa Mama, kumlisha, kumnywesha, chochote. "Ukitaka kumuua mama yangu, niue mimi kwanza." Wifi alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa baba fulani," kwa dhihaka, maana hawana mtoto bado. Kisha akaenda chumbani kwake na hakutoka.

Nilipita mlangoni. Alikuwa analia bila kutafuna.

Sketi tano.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua. Sketi tano. Kimoja asubuhi, kimoja mchana.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Sketi tano.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Sketi sita. Nyumba imetulia kama msiba. Mama akiamka ananyooshea kidole kikombe, nampa funda moja, namwambia kibofu, Mama. Anafumba macho.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimepeleka sketi mia moja shuleni. Mwalimu kanisifu: "Fundi, umeharakisha!" Niliporudi nilitaka kumwambia Mama. Alikuwa amelala mdomo wazi, na midomo imegandia kwenye meno.

Jumanne, 16 Aprili

Sketi thelathini na nane zimerudishwa. Marinda yametazama kulia.

Nilidhani mwalimu anatania. Nikazitandaza kitandani moja moja. Kulia. Kulia. Kulia. Siku zile za sketi tano na sita kwa siku, nilikunja kinyume nikaendelea hivyo hivyo kama ng'ombe wa kinu. Mama yupo hatua mbili kutoka kwenye cherehani. Macho ya Mama yanaona rinda lililopotoka likiwa upande wa pili wa barabara. Angeona ya kwanza kabla sijaishusha chini ya sindano. Angepiga kelele, angenilowesha uso, na ningefumua moja badala ya thelathini na nane.

Alikuwa amelala. Nilimlaza mimi.

Alhamisi, 18 Aprili

Mama kaamka shavu la kushoto limevimba, kutoka sikioni hadi chini ya taya. Gumu, la moto. Akiguswa anatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nikasema ni jino. Nikampaka mafuta ya moto. Mvua kubwa, barabara imejaa maji. Nikasema kesho.

Jumamosi, 20 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi la wodi. Nitaandika yote.

Jana asubuhi wifi alivunja amri ya mumewe. Aliingia kumsalimia Mama kabla ya kwenda kazini, na nikamsikia anaita, "Wifi! Wifi njoo!" Si sauti ya kugombana. Nikakimbia. Mama alikuwa anatetemeka, anaungua, jicho la kushoto limefunikwa na uvimbe, anamwita mama yake mzazi aliyefariki mimi sijaanza shule. Mdomo haufunguki zaidi ya kidole kimoja.

Kazini hakwenda. Alitoka mvuani akarudi na gari, sijui la nani hadi leo. Njia nzima alimpakata Mama kichwa.

Daktari wa hospitali, mwanamume mnene asiyependa maneno, alimfunua Mama shavu kwa kidole, akatuita tutazame. Ndani ya shavu, mkabala na meno ya juu, kuna kitundu kidogo kama tundu la sindano. Miaka yote nina kinywa, sikujua kipo. Akabonyeza uvimbe kwa nje taratibu. Kwenye kitundu kukatoka usaha, mzito, wa njano.

"Hapa yanatokea mate," alisema. "Tezi yenyewe iko huku mbele ya sikio, na huu ni mfereji wake. Mate yakitiririka yanasukuma wadudu nje. Yakisimama, wadudu wanapanda mfereji kwenda juu. Tezi imejaa usaha."

"Atapona?" aliuliza wifi.

"Usaha ukishuka shingoni utabana njia ya hewa. Ukiingia kwenye damu, kwa umri huu..." Akaacha hapo. "Tunampa dawa kwa mshipa na maji mengi. Jumatatu kama uvimbe haujapungua tunapasua. Sasa nataka kujua kwa nini mate yamesimama. Anatumia dawa gani?"

Swali lilelile. Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema, na ulimi ukaganda juu ya kaakaa kama gundi. Nikasikia mwenyewe kinywa changu kimekauka kwa hofu, kikavu kabisa, na nikaelewa Mama alikuwa anaishi na nini kwa wiki sita.

"Dawa ya kibofu," alisema wifi, akanitazama. Alisubiri.

"Na vidonge vya njano," nilisema. "Vya mafua. Hana mafua. Nilikuwa nampa kwenye uji ili alale nipate kushona. Kimoja, halafu viwili kwa siku. Na maji nilimpunguzia. Si peremende. Ni mimi."

Daktari aliandika, hakuinua uso. Labda kaona mengi. Akasema dawa zote mbili zisimame leo, akaondoka.

Wifi alifungua mkoba wake akatoa pakiti tupu, akaiweka benchini kati yetu.

"Niliiona mwezi wa tatu. Nilikuwa natafuta kifungo cha shati la kaka yako kwenye kopo."

"Mbona hukusema?"

"Kwa daktari wa meno nilikuachia useme mwenyewe. Baadaye ningemwambia nani, wifi? Mume wangu, aliyekwishaambiwa mimi ni muuaji?" Kisha akaanza kulia, kwa hasira. "Na mimi nina kosa. Ningesema ningemwokoa. Nilinyamaza kwa kiburi, nikasema acha aumbuke. Nilikuwa nakutega wewe, kumbe aliyenaswa ni Mama."

Mficha maradhi kilio humfichua. Msemo huo nimeutumia maisha yangu yote kwa watu wengine.

Nimempigia kaka nikamweleza. Kisha akasema, "Mpe simu mke wangu."

Jumapili, 21 Aprili

Homa ileile. Daktari amebonyeza. Usaha.

Jumatatu, 22 Aprili

Homa imeshuka kidogo. Hawakupasua, wamesema wanampa siku moja. Amebonyeza. Usaha na damu.

Jumanne, 23 Aprili

Amebonyeza. Hakikutoka kitu. Nikafurahi. Daktari akasema, "Usifurahi bado. Nasubiri mate. Tezi inaweza kupona isifanye kazi tena." Muuguzi ametufundisha kumkanda shavu kwa kitambaa cha maji ya moto, kutoka sikioni kuja mdomoni, na kumlowesha midomo kwa pamba. Bila kusugua. Mkono wangu ulianza kwa nguvu, kama wa kusugua. Wifi akaushika, akauongoza.

Alhamisi, 25 Aprili

Usiku nashindwa kulala, mchana nashindwa kumeza. Nimeanza kuyahesabu mate yangu. Nalowesha uzi kwa ulimi kabla ya kuutia sindanoni, kama kila siku, na nabaki nimeutazama uzi ule uliolowa. Sikuwahi kujua kuwa ni mali.

Jumamosi, 27 Aprili

Leo daktari amebonyeza shavu, akainamia, akasema, "Hee." Tukajazana. Kwenye kile kitundu kulikuwa na tone moja, dogo, jeupe kama maji. Likakaa. Likateleza kwenye ufizi.

Wifi alipiga kigelegele katikati ya wodi, muuguzi akamfukuza nje. Nilimfuata, nikamwomba msamaha kwenye korido, nimepiga magoti juu ya sakafu iliyotoka kupigwa deki. Akasema, "Inuka wifi, unalowa," akanikatia nusu ya chingamu yake.

Mama hakuniangalia.

Alhamisi, 2 Mei

Mama karudi nyumbani. Uvimbe umeisha, umebaki ukubwa wa kifungo. Anaongea na wifi, anaongea na kaka aliyeomba ruhusa kuja. Mimi hanisemeshi. Nikiingia anafumba macho. Kwenye uji wangu hatii mdomo hadi wifi auonje kwanza mbele yake. Nimestahili.

Sketi thelathini na nane nimezifumua na kuzishona upya, wifi akifumua nami. Kati ya hamsini zilizobaki, ishirini nimempa fundi mwingine, na jina langu pale shuleni naona ndiyo basi tena.

Ijumaa, 3 Mei

Hanisemeshi. Sketi mbili.

Jumapili, 5 Mei

Sketi ya mwisho. Kaka na wifi wapo mlangoni wanasubiri kuzipeleka. Mvua imekatika tangu asubuhi. Mama yuko kitini pake, mguu kwenye stuli, chingamu shavuni.

Nimekunja rinda la kwanza. Nimekunja la pili. Sijui mkono ulikuwa umechoka au nilifanya makusudi, hata sasa sijui, nikakunja la tatu kulia.

Nikashusha mguu wa cherehani. Nikakaribia kukanyaga.

"Wewe!"

Nikaacha.

"Wewe mtoto, macho yako umeyaazima wapi? Hilo rinda linakwenda wapi?"

"Kulia, Mama."

"Na shule imesema?"

"Kushoto, Mama."

Akashika mikono ya kiti, akajivuta mbele. Nilijua si habari ya rinda tena.

"Unadhani mimi mtoto mchanga? Unadhani sikujua? Uji wa kwanza ulikuwa mchungu. Wa pili nikajua. Nimeshona miaka hamsini, nitashindwa kujua mtu anayetaka kunifunga mdomo? Nikanywa! Nikasema amechoka huyu, acha apumzike na kelele zangu, leo tu. Nikasubiri uache mwenyewe. Kila siku nasema kesho ataacha, kesho ataacha. Mpaka nguvu ya kusema ikaniisha! Ungeniambia tu, Mama, nyamaza!"

"Usingenyamaza, Mama."

"Nisingenyamaza!" alifoka. "Hata kidogo nisingenyamaza! Lakini ungeniambia! Ungeniambia, pumbavu wewe!"

Na hapo likaruka. Tone moja, la baridi, likanitua chini ya jicho.

Mama mwenyewe alishtuka. Akajigusa midomo kwa vidole, akavitazama vidole vyake, vimelowa. Kutoka mlangoni kaka akanirushia taulo. Nililiacha lianguke chini. Nikamwambia Mama aendelee.